Mtunza Ngozi na Tandala Aliyegeuka Nyuma

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi mliofanya kazi na kaka yangu mkafika kumsindikiza, mimi ni dada yake, tumeachiana ziwa, na familia imenipa mimi kazi ya kuwasomea maisha yake kwa sababu wanasema sauti yangu inafika nyuma na haya sina. Kabla sijafika kwenye kuzaliwa kwake, nataka niseme jambo moja waziwazi, maana nimeona macho yenu yanakokwenda. Kiti kile cha mbele chenye mtandio wa kijivu ni cha binti yake, mtoto wake wa pekee, na kiko wazi, na tangu asubuhi nasikia minong'ono, mtoto gani huyu asiyekuja kumzika baba yake. Nawaomba mkiache kiti kilivyo, msimhukumu mtu, mnisikilize mpaka mwisho, kisha mtakaobaki na la kusema mje mniambie mimi.

Marehemu alizaliwa tarehe kumi na tisa Machi mwaka 1951, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya bucha la baba yetu, akiwa mtoto wa kwanza, na mimi nikamfuata mwaka 1953. Baba alikuwa akikata nyama upande wa barabarani, mama alikuwa mshonaji na cherehani yake ilikaa dirishani upande wa uani, kwa hiyo tulilala na kuamka kati ya shoka na sindano, na nikikumbuka nyumba ile sasa naiona kama iliyojaa moshi mwepesi, mwanga unaingia kwa mstari mmoja kupitia pazia, kaka amekaa sakafuni anapapasa kipande cha ngozi ya ng'ombe, ananiambia nitulie, yuko ndani anapumua. Mimi nilikuwa naamini kila alichosema.

Jina la Chumvi, ambalo wengi wenu mnalijua kuliko lile la kwenye cheti chake, alilipata akiwa bado hajaanza shule. Sungura wa jirani alikufa, yeye akaomba ngozi, akachukua chumvi yote ya mama jikoni, kopo zima, akaisugulia ile ngozi, kisha kwa ujinga wa kitoto akaianika juani kwenye kamba ya nguo, katikati ya mashuka. Tulikula mboga chapwa mpaka baba aliponunua chumvi nyingine, naye alikasirika kuliko nilivyowahi kumwona, na siku chache baadaye manyoya ya sungura yakaanza kutoka kwa mafungu, ukishika tu yanabaki mkononi. Kaka alilia sana. Mama alidhani analilia viboko, kumbe alikuwa analia kwa sababu, alivyosema mwenyewe, sungura alikuwa amelala vizuri na yeye amemwamsha vibaya.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwetu kuanzia mwaka 1958 hadi 1964, kisha sekondari hadi mwaka 1968, na nitasema ukweli bila kutia chumvi, ingawa mwenyewe leo angenisamehe, hakuwa na kichwa cha hesabu, lakini mkono wake wa kuchora ulikuwa wa ajabu na masomo ya viumbe aliyapenda. Ni mwalimu wa somo hilo aliyewapeleka makumbusho, darasa zima, na waliporudi shuleni wakajikuta pungufu, ikabidi mwalimu arudi, akamkuta Chumvi amesimama peke yake mbele ya pundamilia aliyesimamishwa nyuma ya kioo, mlinzi amekaa pembeni amechoka kumfukuza. Mwalimu alipomshika bega, swali lake lilikuwa moja, huyu anangoja nini. Nadhani maisha yake yote aliendelea kuliuliza swali lile.

Tarehe mbili Februari mwaka 1970 aliajiriwa katika makumbusho yale yale kama mfagiaji, na baada ya miaka miwili akahamishiwa karakana ya ngozi iliyoko uani, mahali alipofanya kazi mpaka alipostaafu mwaka 2011. Walio humu waliowahi kuingia wanaijua, chumba kirefu chenye madirisha ya juu, meza iliyovishwa bati, sakafu ya saruji inayoteremka kidogo kuelekea kwenye mfereji, na nyuma yake stoo yenye giza la ubaridi, rafu baada ya rafu, ngozi zimekunjwa na kufungwa kamba, zinasubiri siku ya kusimamishwa. Mnyama akifa huko hifadhini, kwa uzee au kwa ajali, askari wa wanyamapori walituma habari, naye akaenda na magunia yake ya chumvi laini, na huko hakuwa na mzaha hata chembe. Kwanza alimpima mnyama mzima kabla kisu hakijamgusa, kutoka pua hadi jicho, unene wa shingo, kina cha kifua, kwa sababu alisema ngozi ikishatoka inadanganya, inavutika, haikumbuki tena umbo lake. Kisha alichuna kivulini, akakwangua nyama na mafuta yote, akapasua midomo kwa ndani, akageuza masikio nje ndani mpaka ncha kama mtu anayegeuza vidole vya glavu, na hapo ndipo chumvi ikaingia, kila mkunjo, kwa kiganja, hakukubali koleo. Maji yakishatiririka alikung'uta chumvi ile, akaweka mpya, akaikunja ngozi ingali laini, na hakuna jua wala moto vilivyoruhusiwa kuikaribia, tangu yule sungura.

Asubuhi akifungua stoo alizisalimia zile rafu, hamjambo, mmelalaje, nami niliyasikia hayo kwa masikio yangu nilipompelekea chakula, nikamcheka mpaka nikakaa chini. Hakuona aibu. Aliniambia kwamba mara nyingine anaota amekaa katikati ya stoo, kamba zinafunguka zenyewe polepole, wanyama wanashuka kutoka kwenye rafu mmoja mmoja bila kelele, wanajinyoosha, wanampita wakitafuta mlango, na yeye anajaribu kuwaambia bado, bado, ngojeni, lakini chumvi imemjaa mdomoni. Nilimwambia apunguze kula usiku. Leo ningelipa chochote anisimulie tena.

Wifi yangu, Mungu ampe mapumziko mema, alikuja mwaka 1976 kutoka makumbusho mengine akiwa fundi wa kusimamisha, yaani yeye ndiye aliyejenga umbo la mti, waya na plasta, akalivisha ngozi, akatia macho ya kioo, akaamua mnyama anatazama wapi. Ngozi ya kwanza ya kaka iliyofika mezani kwake ilikuwa ya swala, naye aliifungua, akapapasa, akaibeba mwenyewe hadi karakana na kuitupa juu ya bati mbele ya watu wote.

"Masikio hujayageuza mpaka ncha," alisema. "Mimi sisimamishi mnyama kiziwi."

Kaka alikuja nyumbani siku ile amenuna, hataki kula, anasema yule mwanamke ana mdomo, na mama akaniangalia nami nikamwangalia mama, tukajua kwisha habari yake. Walifunga ndoa tarehe kumi na nne Agosti mwaka 1978, na wenzao kazini waliwatania kwamba sasa nyumba imekamilika, mmoja analaza na mwenzake anaamsha. Tarehe tatu Mei mwaka 1981 walijaliwa binti, huyu ambaye kiti chake kiko wazi, na mtoto huyo alikulia chini ya meza ya mama yake, akichezea macho ya kioo ya wanyama badala ya gololi, akawa na baba yake watu wa kufa na kuzikana. Nayasema maneno hayo nikijua vizuri ninayasemea wapi.

Mke na mume wale walikuwa na desturi yao, wakipata likizo walikwenda hifadhini kukaa tu na kutazama wanyama walio hai, kwa sababu wifi alisema huwezi kumsimamisha usiyemjua. Huko walimpenda tandala mmoja dume, mwenye pembe za kujiviringa na michirizi myeupe ubavuni, ambaye kila alipotaka kuingia kichakani alisimama, akageuza shingo, akatazama nyuma kwa muda mrefu kama aliyesikia akiitwa, ndipo akapotea. Wifi alimfinyanga kwa udongo, kisanamu cha kukaa kiganjani, shingo imegeuka hivyo hivyo, akakiweka dirishani kwake, na akasema huyu akifa kwa uzee wake, atakuwa kazi yangu ya mwisho na iliyo bora. Tulidhani anazungumza tu.

Mwaka 1999, wifi alipokuwa ameanza kuugua ugonjwa wa damu, habari zikaja kwamba tandala yule amekutwa amekufa kando ya maji. Kaka hakutaka kwenda, wifi akamfukuza, akamwambia niletee kama alivyo. Alikuwa ameshachuna, yuko kwenye masikio, sikio la kulia limegeuzwa mpaka ncha, la kushoto ameanza, ndipo gari la askari likafika na ujumbe kwamba mkewe amezidiwa na amelazwa. Fikirini mtu huyo. Akiondoka wakati ule, ngozi inaoza kabla ya jioni, na akibaki, huenda asimkute mkewe. Alibaki. Aliipaka chumvi yote, akaikunja, akapanda gari, na alipofika hospitali wapo watu wa ukoo huu huu waliomsema kwamba kaka yetu anathamini ngozi kuliko mke, na wengine wako humu ndani, siwataji. Mkewe alikuwa hai, akamshika mkono uliochubuka kwa chumvi, akamuuliza kama ameileta, naye akajibu ameileta, na wifi akacheka akasema, "Ungeiacha ukaja mikono mitupu, ningekufukuza mara ya pili." Alifariki tarehe ishirini na mbili Septemba mwaka ule, mumewe yuko kando yake.

Baada ya mazishi ndipo kaka alipofungua ngozi kuitia chumvi mpya, akaona kwamba kwa haraka ya siku ile sikio la kushoto halikugeuzwa mpaka ncha, pale chumvi haikufika, na manyoya ya ncha yote yamenyonyoka, pamebaki peupe, padogo kama ukucha. Mwingine asingeona. Yeye alikaa chini kwenye sakafu ile na kulia kama siku ya sungura, na tangu hapo tandala akarudi kwenye rafu ya mwisho, na kila fundi aliyeomba kumsimamisha aliambiwa bado, ngozi haiko tayari, umbo halijapatikana, mvua ni nyingi, na wakuu wa makumbusho walibadilika mmoja baada ya mwingine na kila mmoja alipewa sababu yake.

Binti alijifunza kazi ya mama yake na kurudi kuwa fundi katika chumba kile kile mwaka 2006, na sisi sote tulidhani sasa mambo yamekwisha, kumbe ndiyo yameanza. Hata baada ya kustaafu kaka alikwenda stoo kila msimu, akaikung'uta ngozi, akaitazama kama kuna wadudu, akairudisha. Siku moja binti alimfuata huko, na mimi nilikuwepo, nimekaa juu ya gunia.

"Baba, ngozi hii unamtunzia nani?"

"Namtunzia mama yako."

"Mama hayupo."

"Ndiyo maana naitunza."

Binti akatoka, hakuubamiza mlango, aliufunga taratibu, na hilo likauma zaidi. Walisalimiana mwaka karibu mzima kama watu wa kupishana barabarani, kichwa ngumu na mtoto wa kichwa ngumu, mimi nikiwa katikati nabeba salamu. Nilijua anachoogopa kaka. Tandala akisimama, kazi ya mwisho ya mkewe imekwisha, na mkewe naye ndiyo amekwenda kweli.

Mwaka jana mwezi wa nane figo za kaka zilianza kugoma, akalazwa mara kadhaa, na mwanzoni mwa mwaka huu daktari akatuambia kwa upole tumrudishe nyumbani. Kaka alikuwa amekula chumvi nyingi, kwa kila maana, na aliipokea habari hiyo kwa utulivu kuliko sisi. Tulimlaza chumba cha mbele, kitanda kikielekea mlango, na humo ndoto zake zilikuja mchana kweupe, ananiomba niuache mlango wazi kwa sababu wapo wanapita, nami namuuliza akina nani, anasema pundamilia ametangulia, swala yule kiziwi yuko nyuma yake, usiwakanyage. Nilikuwa nasogeza miguu. Mtu angeniona angesema tumerukwa na akili wote wawili, lakini nawaambia, kulikuwa na upepo mwepesi ukipita chumbani mchana ule, na pazia lilisogea kama limeguswa na ubavu wa kitu, na sikuogopa.

Mchana mmoja aliamka na kuniomba nimwite binti yake. Alipofika, alimwambia ameota mama yake amekuja, amekaa pale mguuni pa kitanda na mikono mitupu mapajani, hakumlaumu, alimuuliza tu, tandala wangu yuko wapi, mbona mikono yangu haina kazi. Kisha kaka akasema neno moja, mtoe.

Binti alimtoa tandala rafuni, akamlowesha, na ngozi ile iliyolala miaka yote ilifunguka laini, hakuna unywele uliotoka popote isipokuwa pale palipokuwa pameshatoka, na kila hatua ya dawa na kulainisha alikuja kumsimulia baba yake, umbo akalijenga kwa vipimo vya kaka na kwa kile kisanamu cha udongo. Jumatano iliyopita, tarehe kumi na mbili, ngozi ilikuwa tayari kuvishwa. Binti alikuja mchana, mikono inanuka dawa, kaka akaivuta hadi puani kwake akainusa, na binti akasema ataahirisha, hawezi kuanza huku hali ya baba ni hii, maana, kwa ninyi msiojua kazi hii, gundi ikishapakwa na ngozi ikishavishwa hakuna kusimama, ni kushona, kuketisha kope na midomo, kufunika kwa vitambaa vya maji na kurudia tena, kwa siku tatu au nne, ukiiacha inakauka ilivyojikunja na haitarudi tena.

Nayasema maneno ya kaka kama alivyoyasema, kwa sababu ndiyo niliyoitiwa hapa. Alimwambia, "Mvishe leo. Nikienda, usiache sindano ukaja kukimbilia kwangu. Mimi nilikimbia nikaacha sikio. Mimi nitasubiri, mwanangu, yule hawezi." Binti akalia, akambusu kipaji, akaenda. Kaka alifariki jioni ile ile jua likizama, mkono wake mkononi mwangu, kwa utulivu, mlango ukiwa wazi. Binti aliifunika ngozi kwa vitambaa vya maji akaja, akamfumba macho kwa vidole vile vinavyojua kufumba na kufumbua macho, akakaa naye, kisha akasimama akarudi karakana, mimi ndiye niliyemsukuma. Kwa hiyo mkitaka wa kumsema, niko hapa.

Kwa niaba ya familia namshukuru daktari wa figo ambaye hakutudanganya hata siku moja, wauguzi waliovumilia mgonjwa aliyekuwa akiwakosoa jinsi wanavyokunja mashuka, majirani walioleta uji na kukaa na sisi bila kuhesabu saa, askari wa hifadhi mliosafiri kuja, na ninyi wa makumbusho, mliobeba jeneza hili na mkamwachia binti funguo za karakana bila maswali. Ameacha binti mmoja, dada mmoja mwenye mdomo, na wanyama wengi waliosimama.

Leo alfajiri kabla ya kuja hapa nilipita karakana. Binti alikuwa amefunga kitambaa kichwani, macho yamevimba, uzi wa mwisho mkononi chini ya shingo, na sikio la kushoto hakulifunika wala kulipachika kitu, ameliacha na kiraka chake cheupe, akasema hapo ndipo baba alipompenda mama zaidi. Nilipofungua mlango tandala alikuwa amegeuza shingo ananitazama mimi ninayeingia. Binti hakuacha kazi, aliniambia tu, shangazi, nifikishie ujumbe, nami hapa naufikisha mbele yenu wote.

Kaka, mwanao amenituma nikwambie, amesimama. Lala sasa, hakuna tena anayekungoja.